Simiti na Wimbo Wake

Kabla mtu yeyote hajausikia wimbo huo, aliusikia ng'ombe.

Kila asubuhi Teresa alipanda kutoka bondeni na mzigo wa majani ya nepia kichwani, umande ukimtiririka shingoni, na kabla hajaondoa gogo la mlango wa zizi alikuwa ameshaanza. Haikuwa kuimba kwa kanisani. Ilikuwa rapu, maneno yakifuatana mbiombio kama maharagwe yanayomwagika kwenye ungo. Mbele za watu Teresa alikuwa na aibu. Akiitwa jina kwenye mkutano, kidevu kilishuka hadi kifuani. Mbele ya Simiti hakuona haya. Simiti alikuwa fahali wa baba yake, wa kijivu kilichopauka kama sakafu mpya, ndiyo maana akapewa jina hilo. Hakucheka, wala hakuuliza Teresa aliachia shule darasa la ngapi.

*Simiti haipasuki, Simiti haisogei,*
*Uliza aliyeijaribu, hata leo hatembei!*

Akifika kwenye "hatembei" aliinua gogo. Simiti alikuwa ameshageuza kichwa, masikio mbele, akisubiri. Ng'ombe hajui mashairi. Alijua tu kwamba sauti hii ikisema maneno haya, chakula kimefika. Miaka mitatu ilikuwa hivyo, mvua na jua.

Baba yake, mzee Sylvanus, alizoea kusimama kando akisugua meno kwa kijiti.

"Mama," alisema siku moja, kwa maana Teresa alibeba jina la mama mzazi wa mzee huyo, naye hakuwahi kumwita vingine, "hii ng'ombe utaiharibu. Juzi nimekohoa hapa, haikunitazama. Wewe ukikohoa, inageuka mzima mzima."

"Kwani unaimbianga yeye nini, baba?"

"Mimi nampiganga fimbo."

Wakacheka wote wawili.

Wakati huo Teresa alikuwa na nyimbo kumi na moja ambazo hakuna aliyezitaka. Alisuka nywele soko la Khayega siku za juma, na kila alichobakiza kilikwenda kwa Elvis, kijana mwenye chumba cha kurekodia mtaani Shieywe, nyuma ya kinyozi, kuta zimebandikwa trei za mayai na godoro kuukuu ili kelele za mashine ya kunyolea zisiingie kwenye wimbo. Ziliingia tu. Katika wimbo wake wa nne, mtu akisikiliza vizuri, kuna kichwa kinanyolewa.

Hakuwa na meneja wala kampuni ya muziki nyuma yake. Mtu mmoja kutoka Kisumu aliwahi kumwita, akamwambia ana sauti nzuri, ila maneno yataandikwa na wengine, kwa sababu haya yake yana harufu ya shamba. Teresa alirudi nyumbani na kumwambia mama yake kwamba heri ale obusuma, ugali wa kwao, kwa chumvi, lakini maneno yabaki yake. Mama yake akamjibu kwamba chumvi yenyewe imeisha.

Kwa hiyo alijitembeza mwenyewe. Alichukua flashi yake na kwenda kituo hadi kituo cha bodaboda, kuanzia mjini hadi Navakholo, akiwaomba waendeshaji waingize wimbo kwenye redio za pikipiki. Kuomba kulimuua kila mara. Alisimama pale akichezea kamba ya mkoba mpaka mmoja wao akamhurumia.

"Leta, dada. Tutaweka. Lakini hii yako haina matusi, nani atasikiza?"

Wimbo wa kumi na mbili ulikuwa ule wa zizini. Aliuongezea beti mbili, na ubeti wa pili ndio aliouandika kwa kulia:

*Niliacha darasa la saba, sikuacha kusoma watu,*
*Wenye vyeti wako moja bado, mimi nishafika tatu.*

Hakuwahi kusema hilo mahali popote, hata kwa rafiki. Elvis aliposikia alivua vifaa vya masikioni akamtazama.

"Siz, hii umeitoa wapi?"

"Ndani."

"Basi rudi huko ndani ulete ingine."

Juma lile lile, kwenye mashindano ya mafahali, Simiti alipigana na fahali wa upande wa Ikolomani, akamtimua mpaka ndani ya shamba la chai. Watu walivunja matawi wakakimbia nyuma yake, ngoma za isukuti zikilia kwapani mwa wapigaji, na kijana mmoja wa boda akawasha redio ya pikipiki yake mpaka mwisho: *Simiti haipasuki!* Umati ukakidaka kiitikio kama mbwa anavyodaka mfupa. Kufikia Jumatatu kila kituo cha boda kilikuwa nao. Wanawake waliokuja kusukwa waliuimba bila kujua anayewasuka ni nani, na Teresa alisuka huku akiuma mdomo asicheke. Redio ya Kakamega ikaupiga mara mbili. Mtangazaji alimwita "binti wa Simiti". Hakulisema jina lake, lakini Teresa aliona ni mwanzo.

Kosa alikuwa ameshalifanya, na hakulijua.

Kijijini kwao ng'ombe wa kupigana hakuuzwa kama ng'ombe wa maziwa. Aliuzwa na kamba yake, na jina lake, na wimbo wake wa sifa. Mnunuzi aliondoka na vyote, ili kesho mwenye wa zamani asije akasimama uwanjani na kujigamba kwa ng'ombe asiyekuwa wake. Teresa aliijua desturi hiyo tangu utotoni, kama anavyojua njia ya kisimani. Ila aliona hayo ni mambo ya wazee na ngoma zao. Wake ulikuwa hip-hop, umerekodiwa Shieywe, uko kwenye mtandao kwa jina lake. Akaweka jina la fahali katikati ya kiitikio, mara mbili, bila kufikiri.

Alirudi kutoka sokoni Alhamisi moja akakuta gari kubwa jeusi uani na mitamba wawili wa maziwa wamefungwa kwenye mti wa mpera. Ndani ameketi Mathew, mjenzi wa barabara ambaye alikuwa anautaka udiwani, na watu walikuwa wameanza kumwita Mheshimiwa mapema ili wazoee. Kando yake aliketi Titus, kiongozi wa wapiga isukuti, shahidi wa mauzo yote ya fahali.

"Mama, njoo usalimie wageni," Sylvanus alisema. Hakumtazama usoni.

"Shikamoo."

"Marahaba, msanii wetu!" Mathew alicheka. "Nimekuja kuchukua Simiti. Nitaifanya ijulikane mpaka Nairobi."

"Sawa," alisema Teresa. Ng'ombe ni wa baba.

"Na wimbo wake," Titus akaongeza, kama mtu anayekumbushia kamba.

"Wimbo gani?"

"Kwani Simiti iko na ngapi?"

Teresa aliinua uso. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwatazama wanaume watatu kwa pamoja. "Huo si wimbo wa ng'ombe. Ni wangu. Nimeurekodi kwa pesa yangu. Ubeti wa pili hata haumtaji."

"Kiitikio kinataja nani?" Titus aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Kinataja nyanya yako?"

Wakacheka. Teresa akamgeukia baba yake.

"Baba, waambie."

Sylvanus alikuwa anakuna goti. "Mama, utaandika ingine. Wewe maneno hayakuishiangi. Mitamba kama hii nitatoa wapi?"

Nje, Simiti alikuwa anapandishwa kwenye lori na vijana wanane na hataki. Mmoja akamwita Teresa amsaidie. Hakwenda. Alijifungia jikoni akaziba masikio kwa viganja, na hilo alikuja kulijutia kuliko mengine yote, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nafasi yake ya kuagana naye.

Siku ya pili alikwenda mbio Shieywe.

"Elvis, wakija usiwape kitu. Tuliandikiana. Wimbo ni wangu."

Elvis alikuwa amenunua spika mpya. Zilikuwa bado kwenye nailoni. Teresa alizitazama, akamtazama yeye, naye akaanza kukunja waya ambao tayari ulikuwa umekunjwa.

"Siz, walikuja jana asubuhi. Walikuja na mzee wako. Sasa baba yako mzazi akisema peana, mimi ni nani?"

"Mimi ndiye nilikulipa, si baba."

"Najua, siz. Najua. Lakini utafanya nini, utapeleka baba yako kortini juu ya ng'ombe?"

Akamchezea walichotengeneza. Kiitikio kilibaki na sauti yake, kwa sababu hiyo ndiyo watu waliyoijua. Ubeti wa kwanza ulikuwa sasa wa mwanamume fulani akimsifu Mathew na lami yake. Ubeti wa pili ulikatwa. Mahali palipokuwa *niliacha darasa la saba* palikuwa na honi ya lori.

Wiki kadhaa baadaye Mathew alitangaza pambano kubwa la Jumamosi, Simiti na fahali aitwaye Radi. Teresa hakualikwa. Alikwenda kwa miguu, alfajiri, akiwa amejifunika leso kichwani. Uwanja ulikuwa umejaa, na lori limeegeshwa pembeni na spika nne zenye urefu wa mtu. Akamwona Simiti analetwa. Walikuwa wamempaka rangi pembe. Mbavu zilihesabika. Alikuwa akipigwa fimbo kila hatua.

Ndipo akaona kijana aliye juu ya lori anajaribu mitambo, na kipande kimoja cha sauti yake kikatoka kwenye spika, *Simi—*, kikakatwa. Kule mbali, katikati ya umati, Simiti aliinua kichwa.

Teresa aliona. Akapenya watu hadi kwenye lori. Kijana wa mitambo aliitwa Eugene; jina lilikuwa limechapwa kwenye fulana yake.

"Kaka, tafadhali. Usipige ule wimbo wakiwa wanapigana. Piga kabla, ama wakimaliza."

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi ninaimba hapo."

Eugene alimtazama leso, viatu, akacheka kidogo. "Sawa, sauti ni yako. Wimbo ni ya Mheshimiwa. Yeye amesema ikishika pembe tu, mimi napiga. Muulize yeye."

Akaenda kwenye hema. Haya zake zote zilimfuata, zikamshika miguu, lakini alikwenda. Mathew ameketi kwenye kiti cha plastiki chenye kitambaa, na kando yake baba yake Teresa, kofia mpya kichwani, soda mkononi.

"Mheshimiwa, wimbo usipigwe wakipigana. Simiti akinisikia atageuka. Nilikuwa namwimbia nikimpelekea chakula, kila siku. Atadhani ni chakula."

Hema zima likapasuka kwa kicheko.

"Sasa ng'ombe yangu itashindwa juu ya ugali!" Mathew alisema akijipangusa macho. "Binti, kama unataka wimbo wako urudi, sema tu. Usiniletee hadithi ya sungura."

"Si hadithi. Muulize baba." Akamgeukia. "Baba, wewe unajua. Ulikuwa unasimama pale kila asubuhi. Mwambie."

Sylvanus alijua. Macho yake yalisema hivyo kwa muda wa kupepesa kope moja. Kisha aliutazama uwanja, akatazama kofia za watu waliomzunguka, akanywa soda kidogo.

"Mama," alisema, "nenda nyumbani. Unatuaibisha."

Hakwenda nyumbani. Alibaki amesimama palepale, na kwa hiyo aliona yote.

Mafahali walikutana kwa mshindo uliosikika tumboni. Simiti alikuwa anasukuma. Ingawa alikuwa amekonda, alikuwa anamsukuma Radi nyuma, kwato zikichimba mifereji kwenye nyasi, na umati ukaanza kupiga mbinja. Ndipo spika nne zikafunguka kwa pamoja, na sauti ya Teresa ikatanda juu ya uwanja kubwa kuliko alivyowahi kuota:

*Simiti haipasuki, Simiti haisogei—*

Simiti aligeuza kichwa. Masikio mbele.

Pembe ya Radi iliingia nyuma ya mguu wa mbele hadi shinani. Fahali wengine wakichomwa hivyo hukimbia shambani, lakini yeye hakukimbia. Alijichomoa, akatembea. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye lori, watu wakitawanyika mbele yake, akasimama mbele ya spika, damu ikimtoka kama bomba lililopasuka, akangoja mtu aondoe gogo.

Kwa kitambo hakuna aliyeelewa. Kisha mtu mmoja akapiga kelele, "Imekuja kudansi!" na uwanja mzima ukaanguka kwa kucheka. Simu ziliinuliwa juu kama mabua ya mahindi. Eugene, badala ya kuzima, alirudia kiitikio.

Saa sita Simiti alikuwa kwenye ndoano za mchinjaji. Titus alisema kuwa sauti ya mwanamke haikupaswa kuingia uwanjani tangu mwanzo, na wengi wakakubali, hata wale waliokuwa wameiimba kwa miezi mitano. Jumapili kanisani benchi la Teresa lilibaki na nafasi pande zote mbili.

Jioni hiyo Sylvanus aliegemea mlango wa jikoni, kofia mkononi.

"Mathew amenipigia. Anasema hautaki tena ule wimbo. Ati una mkosi." Akaigeuza kofia. "Umerudi kwako, mama."

Teresa alikuwa anasonga ugali. Aliendelea kusonga.

Katika vituo vya boda walikuwa wanaufuta. Ulikuwa umekuwa wimbo wa kejeli: mtu akiteleza kwenye matope, wenzake wanaimba *haisogei*. Lakini mtandaoni picha za Simiti akisimama mbele ya spika zilikuwa zimeenea kama moto kwenye miwa mikavu. Elvis alipiga simu, sauti yake juu.

"Siz, umevuma! Watu laki tatu! Kuna ukumbi hapa mjini wanakutaka Jumapili saa tisa. Na wimbo ni wako sasa, mia kwa mia. Si ndiyo ulikuwa unataka?"

Ndiyo, ndicho alichokuwa anataka. Alikwenda. Tangu wimbo wa kwanza mpaka wa kumi na mbili alikuwa ameota ukumbi uliojaa, watu wanaojua maneno yake, na sasa walikuwapo, mamia, wamejaa hadi mlangoni. Mbele kabisa kijana mmoja amevaa gunia la kijivu na pembe za karatasi.

Aliomba mdundo wa zamani, ule kabla haujakatwa. Akaghani ubeti wa kwanza, wakapiga kelele, "Ng'ombe! Ng'ombe!" Akaghani wa pili. *Niliacha darasa la saba.* Hakuna aliyesikia. Walikuwa wanazungumza, wananunua soda, wanasubiri sehemu ya kuchekesha. Aliumaliza wote, neno kwa neno, bila kuinamisha kidevu, kwa watu walioangalia simu zao. Kisha, kiitikio kilipokaribia, aliweka kipaza sauti chini polepole, kama mtu anayeweka yai, akashuka jukwaani.

Hawakumhitaji. Walikiimba wenyewe, na kijana wa gunia akaanguka sakafuni, akatupa miguu juu, na kicheko kikamfuata Teresa hadi barabarani.

Asubuhi iliyofuata alishuka bondeni, akakata nepia, akapanda nayo. Mitamba wawili walikuwa wamesimama nyuma ya gogo. Wakamtazama. Teresa aliondoa gogo kimya, akatupa majani, akarudisha gogo.

Baba yake alikuwa pale pale anapozoea kusimama, kijiti mdomoni.

"Mbona siku hizi huimbi, mama?" aliuliza. "Hawa nao wanataka kukuzoea."

"Najua," alisema Teresa, akaokota panga lake na kurudi bondeni kwa mzigo wa pili.